Posho ya Baridi

Yusto alifungua mlango wa tanuri la kukaushia mbao, na joto likatoka kwa nguvu mpaka miwani ya Oktavia Mlelwa ikashika ukungu. Nje, Makambako ilikuwa na baridi yake ya mwezi wa saba, ile inayowafanya madereva wa malori ya Zambia wakumbatie vikombe vya chai kwa mikono miwili. Humu ndani Yusto alikuwa kifua wazi, na jasho linamtiririka.

“Umekuwa hapa tanurini siku zote?” Oktavia aliuliza huku akifuta miwani kwa pindo la kitenge.

“Tangu kiwanda kifunguliwe, mama. Mimi na marehemu Linus.”

“Na unapokea posho ya baridi?”

“Napokea.”

“Hapa?”

Yusto aliufunga mlango taratibu, kana kwamba kuna mtoto amelala ndani.

“Na mwezi wa kumi na moja, jua linapowaka?”

“Kila mwezi, mama.”

“Mlinzi wa usiku naye?”

“Naye. Sawasawa na mimi.”

“Kwa hiyo mlinzi anayetetemeka usiku kucha na wewe unayeokwa kama mkate, mnalipwa baridi ileile.”

Vijana waliokuwa wakipanga mbao wakacheka. Yusto hakucheka. Aliokota fulana yake, akaivaa, akabaki ametazama chini.

Oktavia alikuwa mkaguzi wa mfuko wa hifadhi ya jamii, tawi la Njombe, na kilichomleta Makambako ni Scolastika, mjane wa Linus Haule. Linus alifariki mwezi wa nne. Scolastika alipokwenda kufuatilia pensheni ya warithi, akaambiwa mfuko ulikuwa ukiutambua mshahara wa mumewe nusu tu. Nusu ya pili kiwanda kiliita posho ya baridi, na mfuko haukuwahi kupata hata senti yake. Kwa hesabu hiyo, pensheni ingemtosha Scolastika kununua chumvi na sabuni, na mwanawe Obed asahau shule.

Waajiri wa nyanda hizi ni hodari wa kubatiza pesa. Oktavia alishaona posho ya usafiri ya mtu anayelala kiwandani, na posho ya nyumba ya mtu aliyepangishwa stoo. Yeye hakuwa na muda na majina. Nauli uliyopewa ukaitumia njiani haiingii kwenye makato, maana haikuwa yako, ulikuwa unampelekea kondakta tu. Lakini pesa inayokuja kila mwisho wa mwezi, kwa kila mtu, kwa sababu tu amefanya kazi, hiyo ni mshahara hata ukiipa jina la mtakatifu. Huo ndio msimamo wa mfuko, na Oktavia aliushikilia kwa meno.

“Yusto, kabla ya posho kuanza, mshahara wenu ulikuwaje?”

Yusto aliinua macho, akatazama getini, akayashusha tena. “Sikumbuki vizuri, mama.”

“Ulipungua? Kuna mwezi mlipata kidogo kuliko mwezi uliotangulia?”

“Sikumbuki.”

Oktavia akamwita wa msumeno, akamwita wa kupakia nguzo za umeme. Wote walifanya vilevile. Jicho getini, jicho chini, sikumbuki. Oktavia akajiambia kwamba watu hawa wanamwogopa mkurugenzi na wanachungulia kama gari lake linaingia. Getini penyewe hapakuwa na gari. Walikuwepo wanawake wawili tu, wamekaa juu ya gogo: Scolastika, na mama mkwe wake, Bibi Esteria, aliyekuja kutoka Mlangali, wilayani Ludewa, kumzika mwanawe na kuapa kwamba harudi huko mpaka haki ya mwanawe ipatikane.

*

Basil Ngole, mkurugenzi na mwenye kiwanda, alimpokea Oktavia kwa heshima zote. Alimvutia kiti, akaagiza chai ya maziwa, akauliza habari za Njombe mjini kana kwamba Njombe iko ng'ambo.

“Ni kweli walikuwa wanalipwa zaidi,” alikiri bila kusukumwa. “Soko la nguzo likaanguka. Nikawaita, nikawaeleza, mshahara ukashuka. Makato yakashuka nao. Hilo si kosa.”

“Na posho?”

“Posho ilikuja baadaye. Niliwaonea huruma. Huku kwetu ni baridi, mama, unajua mwenyewe.”

“Huruma inayolipwa siku moja na mshahara? Na inayolingana na kile kilichoshuka?”

“Huruma yangu, naipima mwenyewe.” Basil alitabasamu. “Mimi nasema mshahara ulishuka, baadaye nikatoa zawadi. Wewe unasema haukushuka, ila uligawanywa siku ileile ili kukwepa makato. Basi niletee mtu mmoja aliyekuwepo, aseme mkononi hakikupungua kitu. Mmoja tu. Mimi nitalipa michango yote ya nyuma, ya Linus na ya wenzake, na faini yako juu.”

Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba mlango umefungwa na ufunguo anao. Oktavia hakuupenda utulivu ule.

“Kuna jambo moja halikai sawa,” alisema. “Wafanyakazi wote michango yao ilishuka mwezi mmoja. Ya Linus haikushuka. Ilikaa palepale miezi mitatu ndipo ikashuka. Kama ulishusha mishahara ya wote, yeye alibakije?”

Kwa mara ya kwanza Basil alisita. Alikoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

“Makosa ya mhasibu,” alisema. “Muulize Rebeka.”

*

Mhasibu Rebeka alikuwa na ofisi ndogo yenye dirisha la kulipia. Mbele ya dirisha lile, kila mwisho wa mwezi, wafanyakazi walipanga foleni, na nje ya geti wake zao walipanga yao. Ndiyo desturi ya pale. Mke asiyefika getini siku ya mshahara, nusu ya pesa inaishia kwenye pombe ya ulanzi kabla jua halijazama. Kwa hiyo Rebeka aliwajua wanawake wa kiwanda kizima kwa majina ya watoto wao.

Ilikuwa saa ya chai. Wafanyakazi walikuwa wamekaa juu ya mbao na viazi vyao vya kuchemsha, wanasikia kila kitu. Oktavia angeweza kufunga mlango, lakini hakuufunga. Alifanya makusudi, kwa kuwa mtu akihojiwa mbele za watu hulegea upesi.

“Linus alichelewa miezi mitatu. Kwa nini?”

“Sikumbuki,” Rebeka alisema.

“Nyote humu mnaumwa ugonjwa mmoja. Wewe ndiye uliyeandika?”

“Mimi.”

“Kwa amri ya nani?”

Macho ya Rebeka yalitoka dirishani, yakaenda getini, yakarudi mezani.

“Au nikusaidie,” Oktavia alipandisha sauti. “Posho ya Linus ya miezi ile mitatu ilitoka, kwa jina lake, ila yeye hakuiona. Iliishia kwako. Alipogundua, ukaingiza mabadiliko harakaharaka. Nimekosea?”

“Umekosea, mama.”

“Linus alisema nini alipokuja hapa?”

“Linus hakuwahi kukanyaga ofisini kwangu kwa jambo hilo,” Rebeka alijibu. “Hata mara moja. Andika unavyotaka, afisa.”

Bibi Esteria alikuwa ameshasikia. Aliinuka juu ya gogo, akaja mbio kuliko umri wake, kitenge kikiburuta. “Mwizi wa marehemu!” alipiga kelele mbele ya dirisha. “Umekula jasho la mwanangu! Mungu anakuona!” Scolastika alimfuata, akamshika kiuno, akamvuta nyuma. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua.

Rebeka alimtazama Scolastika muda mrefu. Kisha akafuta machozi kwa mkono wa sweta, akaendelea kunyamaza. Wale wafanyakazi waliacha viazi vyao, wakaondoka mmojammoja.

Basil alikuwa amesimama mlangoni kwake. “Kuanzia kesho usije kazini mpaka hili liishe,” alimwambia Rebeka, na akamgeukia Oktavia kama anayemkabidhi zawadi. “Umemwona mwizi wako.”

*

Oktavia aliendesha mwenyewe kurudi Njombe, nyuma ya lori la magogo ambalo hakuweza kulipita. Scolastika na mama mkwe wake walishatangulia kwa gari la abiria. Alifurahi kuwa peke yake, kwa kuwa kuna kitu kilikuwa kinamkera na alitaka kukitafuta.

Mwizi hunyamaza kujiokoa. Rebeka alipewa njia ya kujiokoa. Angesema bosi aliniamuru, na kila mtu angemwamini. Hakusema. Amekubali kupoteza kazi kwa kunyamaza. Basi ananyamaza kwa faida ya nani?

Si kwa faida ya Basil, maana Basil ndiye aliyemtosa.

Na wale wanaume wa tanuri na msumeno? Wanamwogopa Basil, wanachungulia gari lake. Hapo Oktavia alikanyaga breki mpaka gari la nyuma likampigia honi. Gari la Basil lilikuwa limeegeshwa ndani tangu asubuhi, karibu na rundo la nguzo. Alilipita yeye mwenyewe alipoingia. Hakuna mtu anayechungulia getini gari ambalo liko mgongoni kwake.

Walichokuwa wakikitazama getini ni wanawake wawili juu ya gogo. Mwoga angetazama mlango wa bosi. Hawa walitazama getini, kisha wakainamisha macho, na mtu anayeinamisha macho anaona aibu. Ama anaona aibu yake mwenyewe, ama anamsitiri mwenzake.

Linus hakuwahi kukanyaga ofisini kwa jambo hilo, Rebeka alisema. Hata hivyo malipo yake yalibadilishwa. Basi kuna mtu alimwendea. Ni nani anayeweza kuingia kwa mhasibu, akazungumzia mshahara wa mwanamume mzima, na mhasibu akamkubalia? Kule wanakopanga foleni getini siku ya mshahara, jibu ni moja tu.

Uso wa Oktavia uliwaka moto. Alikumbuka alivyoacha mlango wazi makusudi, na alivyomvua nguo dada wa watu mbele ya wafanyakazi wenzake kwa kosa la kumsitiri mjane. Alisogeza gari pembeni, akampigia Rebeka. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

“Dada Rebeka, ni Oktavia. Nimekukosea. Naomba unisamehe.”

“Umeshajua?”

“Nimejua.”

“Usimwumbue mama Obed,” Rebeka alisema. “Sisi wote tulikubali. Yeye kosa lake ni kukubali wa mwisho.”

*

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa bado umelalia mabati ya mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, wakati Oktavia alipobisha kwenye chumba alichopanga Scolastika tangu afiwe. Bibi Esteria alikuwa amekaa karibu na jiko la mkaa, anamenya viazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umemfunga yule mwizi?”

“Si mwizi, mama. Nilikosea mimi.” Oktavia alikaa kwenye kigoda. “Mama Obed, ningependa tuzungumze wawili.”

“Mwanangu nimemzika mimi,” Bibi Esteria alisema, kisu kikiwa kimesimama hewani. “Habari zake nisizisikie?”

Scolastika alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Aliiweka chini. “Abaki tu,” alisema.

Oktavia alitafuta maneno, akaona hakuna mazuri. “Basil anasema mshahara ulishuka, na posho ilikuja baadaye kama zawadi. Nahitaji mtu mmoja aliyekuwepo, aseme kwamba mkononi hakikupungua kitu. Akipatikana huyo, michango ya Linus inalipwa yote, na pensheni inahesabiwa upya kwa mshahara wake mzima. Asipopatikana, faili linafungwa kama lilivyo, na Rebeka anaondoka kazini na jina la wizi. Na jambo la pili ulijue kabla hujafungua mdomo: hakuna mfanyakazi mwenye ruhusa ya kukubali akatwe pungufu. Wala mke wake hana. Hata mtu angeomba kwa magoti, mwajiri ndiye mwenye deni. Sheria haiulizi nani aliomba.”

Scolastika aliepua maji yaliyokuwa yakichemka jikoni.

“Kwa hiyo nikisema, sipotezi?” Scolastika aliuliza.

“Kwa mfuko hupotezi kitu.”

“Kwa mfuko,” alirudia, na akamtazama mama mkwe wake. Kisha akakaa chini sakafuni, kama mtu anayekaa msibani.

“Mkurugenzi aliwaita siku ya mshahara,” alianza. “Akawaambia, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mfuko uko mbali, uzee uko mbali. Pesa hii nyingine nitaiita posho, isikatwe, chukueni mkapande miti yenu. Na sisi huku miti ndiyo pensheni, nani hajui? Wakapiga makofi. Linus peke yake alikataa. Walimwita Mzee wa Mfuko, mpaka watoto wakawa wanamwita hivyo njiani.”

“Sasa la kuficha liko wapi hapo?” Bibi Esteria aliuliza. “Mwanangu alikuwa na akili.”

“Ngoja, mama.” Scolastika alimzuia kwa mkono. “Wenzangu getini walikuwa wanatoka na pesa imeongezeka. Mimi ileile. Mama Yunis alinunua miche, akapanda shamba zima. Nikawa namsema Linus kila siku. Nilimsema mpaka chakula kinampoa. Hakubadilika. Basi nikambeba Obed mgongoni, nikaenda kwa Rebeka mwenyewe. Nikamwambia, baba Obed amekubali, ila anaona haya kuja baada ya kubisha sana. Rebeka akaniamini. Siku ya mshahara Linus akakuta malipo yake yamebadilishwa.”

“Alifanya nini?” Oktavia aliuliza.

“Hakufanya kitu. Angesema si kweli, ningeonekana mwongo mbele ya kiwanda kizima. Alitia sahihi. Akaja nyumbani na pesa, akaniwekea mezani. Nilinunua miche. Tulipanda Mlangali, na mwaka jana moto wa watu ukaunguza yote.”

Bibi Esteria hakuwa anamenya tena.

“Mkononi kulipungua kitu, mwezi wowote?” Oktavia aliuliza kwa sauti ya kazi, kwa kuwa ndilo swali lililobaki na lilipaswa kujibiwa.

“Hakikupungua kitu. Kwa wenzake pia hakikupungua. Siku ileile mshahara ulipogawanywa, posho ilikuwemo, na kilichoongezeka ni kile kilichokuwa kinakatwa kwenda kwenye mfuko wenu. Nilizihesabu mwenyewe getini. Nitasema mbele ya mkurugenzi akitaka.”

Oktavia aliandika. Kalamu haikutaka kutoa wino kwa baridi, akaipumulia, akaendelea. Lilikuwa ndilo neno alilolikosa kiwanda kizima, na sasa analo. Basil alijiamini kwa sababu alijua kila mmoja wao angependa kudhulumiwa kuliko kukiri kwamba alipiga makofi.

“Inatosha,” alisema. “Nitakusomea, kisha utie sahihi.”

“Haijaisha,” Scolastika alisema. “Jioni moja kabla sijaenda kwa Rebeka, tulikuwa tumekaa hivi, na majirani wamekuja. Linus akaniambia mbele yao, mama Obed, na mimi nikifa utakula nini? Nikamjibu, ukifa nitaolewa.” Hakulia. Aliyasema wazi, akiitazama sakafu. “Watu walicheka sana. Yeye naye alijichekesha. Ila baada ya hapo hakuutaja mfuko tena. Niliyemnyamazisha ni mimi. Liandike na hilo.”

“Hilo mfuko hauna kazi nalo, mama Obed.”

“Liandike.”

Oktavia alimtazama Bibi Esteria, akitegemea kelele za jana, au ainuke atoke, au amtukane mkwewe kwa Kipangwa kusudi mgeni asielewe. Mama yule aliweka kisu chini. Alijifunika kichwa kwa kitenge mpaka uso ukapotea, na sauti yake ikatoka humo ndani.

“Nilikuwepo,” alisema. “Nilikuja na mahindi. Nilikuwa nimekaa pembeni ya mwanangu, nikacheka kuliko wote. Niandike na mimi.”